Pa Kufungia Kamba

Mwaka wa mvua nyingi nilikwama mara nne
kwenye mbuga ileile, baada ya Magu, kabla ya kisima.
Mara ya nne nilikaa hadi alfajiri, pampu ya watu nyuma ya gari,
nikihesabu vyura kwa sauti zao.
Jumatatu nikaingia Mtaa wa Rufiji
na ada ya muhula ambao haujafika.
(Usimwambie Ng'washi. Anajua.)

Perpetua wa duka la vipuri hakuuliza nina shilingi ngapi.
Aliuliza, "Gari lina uzito gani?"
Nikasema ni Landkruza.
"Hilo ni jina. Nimeuliza uzito."

Basi nikaenda kulipima kwenye mzani wa kinu cha pamba,
na mabomba, na jenereta, na madumu, na mimi ndani yake,
kwa kuwa tope halikuombi ushuke kwanza.
Tani tatu kasoro kidogo.
"Ongeza nusu yake," akasema. "Tope nalo lina mkono."

Akapanga mezani.
Hii ina rangi nzuri na maneno mengi.
Hii ya mkono haili betri, inakula mabega.
Hii ya umeme itavuta, lakini zima injini uone:
utatoka topeni na gari lisilowaka.

Waya wa chuma, au kamba ya nyuzi?
Nilikuwa nimeshaushika waya, bei yake ikinipendeza,
alipomwita Mihayo wa stoo, akampandisha shati:
kovu kutoka kwapani hadi kiunoni,
kama mshono wa gunia.
"Waya ukikatika hauagi."
Mihayo akacheka, akashusha shati, akarudi kuhesabu boliti.
Nikachukua kamba.

Kuna jambo alinieleza mara mbili, sikulielewa dukani:
winchi ina nguvu zaidi kamba ikikaribia kwisha.
Ikiwa imejaa ngomani, imeshiba, inavuta kivivu.
Ifungue, ipeleke mbali, bakiza mizunguko mitano,
hapo ndipo inapouma.
Nilidhani ananiuzia methali juu ya bidhaa.

Boliti nane, bampa jipya, kapi moja la akiba.
Nikapita Mabatini na pua yangu mpya ya chuma,
nikiyatazama mawe ya Mwanza yaliyobebana juu ya nyumba za watu,
mawe ya kufungia meli, achilia mbali gari,
nikawaza: hapa, asipokwama mtu,
ndipo penye pa kufungia.

Maana mbuga ni nyeusi, tambarare kama kikaango.
Hakuna mti. Hakuna jiwe.
Mabua ya pamba tu,
nayo hung'oka ukiyapigia chafya.

Mara ya tano walikuja walewale,
Luhende na wenzake, majembe begani,
walionivuta mara nne kwa elfu tano tano.
Wakaizunguka winchi.
Mmoja akaigusa kama anayegusa ndama wa jirani.
"Kwa hiyo hutatuita tena?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na ndoano mkononi,
mita ishirini na tano za kamba,
na upeo wa macho mtupu.

Luhende ndiye aliyelifungua tairi la akiba.
Wakachimba shimo la kimo cha mtoto,
wakalizika limesimama, wakalishindilia kwa nyayo
huku wakibishana kuhusu bei ya pamba.
Nikatembea na kamba mpaka ngoma ikabaki na mizunguko mitano.
Nikabonyeza.
Kamba ikanyooka, ikalia, ardhi ikafikiri,
kisha tope likaachia kwa sauti ya busu la mlevi,
na gari likaja, polepole,
kama deni linalolipwa na mtu uliyekwisha kumsamehe.

Kulifukua tairi kulichukua saa nzima.
Nikatoa elfu tano tano.
Wakaniambia bei ya kuzika
si bei ya kufukua.